Masikio ya Zambarau

Daktari hakuwa na simu inayoweza kufungua grupu, na hiyo ndiyo sababu tulimpa mamlaka juu ya magrupu yetu yote.

Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vibonyezo, yenye tochi kichwani. Aliivika mfuko wa plastiki uliovushwa kutoka ng'ambo, maana upande wetu wa Kenya mifuko hiyo ilipigwa marufuku zamani. Mtu aliyeweza kufuta kura nzima kwa sababu mpiga kura mmoja alirudi nyuma hatua moja, alitembea na mfuko wa magendo mfukoni. Ukimuuliza alikuwa anajibu bila aibu: "Huu si mfuko. Ni koti la simu."

Alikozaliwa sikuwahi kumuuliza. Tulimwita Daktari ingawa hakuwahi kutibu mtu. Miaka yake ya kazi aliimaliza kwenye josho la ng'ombe huko upande wa Butula, akisimama na fimbo kando ya lile shimo refu la dawa ya kupe, akihakikisha kila ng'ombe anapita na hakuna anayepita mara mbili. Josho lilipokufa alikuja Busia mjini akapanga chumba namba moja katika ploti yetu nyuma ya soko, akabaki na mambo matatu ya kazi yake: gambuti zake za mpira, chupa ya dawa ya zambarau ya kupaka vidonda vya mifugo, na ule mtindo wa kusema na watu kama anawasukuma kutoka nyuma. "Haya, sogea. Sogea. Wewe wa pembeni, ingia mstarini." Hivyo ndivyo alivyotupanga asubuhi kwenye bafu, na sijawahi kuona bafu la ploti likiendeshwa kwa haki namna ile, kabla yake wala baada yake.

Mimi nilikaa chumba namba sita. Ni fundi wa kuzunguka, natengeneza cherehani. Leo niko Funyula, kesho kutwa Butula, maji ya mto Nzoia yakiruhusu nafika Rukala, na nikichoka na udongo mweusi napanda kwenda Malaba. Nimelala katika vyumba vingi, na vingi nimevisahau. Lakini mtu akiniuliza nyumbani ni wapi, ulimi wangu unataja ile ploti kabla sijafikiri. Wengi wetu tuko hivyo. Tulihama mmoja mmoja, huyu kafuata kazi, yule kafuata mume, na tulipotawanyika ndipo tulipogundua tumekuwa kama ndugu. Mtu akafungua grupu kwenye simu, likaitwa Watu wa Ploti, na kwa muda likatutosha.

Kisha wachache walichoshwa na maua. Kila alfajiri kulikuwa na watu wa kutuma picha za maua na maneno ya kubariki siku, na wengine waliona maua yanamaliza bando. Bila kumwambia yeyote wakafungua grupu lao, Ploti Asili. Wengine wakawafuata, wengine wakabaki, wengine kama mimi hawakujua kwamba kuna mahali pa kufuata. Baadaye mama wa chumba namba tisa akafariki. Habari iliwekwa kwenye grupu moja tu. Mimi nilisikia nikiwa kwenye kinu cha kusaga mahindi Butula, kutoka kwa mtu aliyedhani najua. Nilifika nikiwa na sukari ya kupeleka matangani, nikakuta kaburi limeshaanza kuota majani. Sikuwa peke yangu. Watu kadhaa tulisimama pale na vifurushi vyetu tukitazamana.

Ndiyo maana tulipokutana uani, hakuna aliyecheka iliposemwa kwamba kuanzia siku hiyo grupu lolote jipya la watu wa ploti lazima lipigiwe kura na wote. Swali lilikuwa moja: nani asimamie?

"Tunataka mtu asiye na upande," alisema Barasa, kijana wa kubadilisha pesa mpakani, aliyekuwa chumba namba tatu. "Asiwe Watu wa Ploti, asiwe Ploti Asili."

Tukahesabu nani hayuko kwenye grupu lolote. Alikuwa mmoja. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chumba namba moja, anafuta gambuti.

Sasa, lazima niseme hili mapema ili mtu asimwone mzee yule kama kichekesho tu. Mkewe alikuwa ametangulia. Watoto wake walikuwa Nairobi, na walikuwa na grupu la familia ambalo yeye hakuwemo, simu haikuruhusu. Aliwahi kuniambia kwamba mjukuu wake alipata jino, na akapata lingine, na akang'oka la kwanza, na yeye akasimuliwa yote matatu kwa mkupuo mmoja siku ya Krismasi. Baada ya kupewa usimamizi wa kura, mlango wake haukukosa mtu. Anayetaka grupu alikuja kueleza. Anayelipinga alikuja kulalamika. Wa katikati walikuja kusikiliza. Alichemsha chai kwa sufuria kubwa, yeye akanywa kavu, na sukari ya wageni akaitoa kwenye mfuko wa shati, imefungwa kwa karatasi.

"Fundi," aliniambia mara moja, watu walipoondoka, "hawa siku wakiamua kupiga kura kwa simu, mimi nitakuwa nani? Mzee wa gambuti."

Hilo ndilo alilokuwa anapigania. Mengine yote tuliyobishania yalikuwa maneno.

Na tulibishana. Kwa kuwa hakuweza kusoma majadiliano, ilibidi asomewe kwa sauti, yote, tangu juu hadi chini. Na hakukubali mtu aruke kitu.

"Hapo kuna nini? Umeruka."

"Si maneno, Daktari. Ni kile kichwa cha manjano."

"Kinafanya nini?"

"Kinacheka. Halafu kinatoa machozi."

"Anacheka au analia?"

"Vyote viwili."

"Mwambie achague. Siwezi kuandika kwenye akili yangu mtu wa pande mbili."

Na kweli msomaji alituma ujumbe: Daktari anauliza, ulikuwa unacheka au unalia? Mwenye kichwa cha manjano alikuwa Funyula, mama wa duka la vitambaa. Baada ya nusu siku akajibu kwa unyenyekevu kwamba alipokianza alikuwa anacheka, lakini sasa ameanza kulia.

Kura yetu ya kwanza tuliipiga kwenye simu, nayo ndiyo iliyoleta josho. Kulikuwa na ombi la kufungua grupu la mpira peke yake. Daktari aliagiza kila mtu aweke kidole gumba, juu kukubali, chini kukataa, na nikae kando yake nimsomee. Vidole vikaja. Vikazidi kuja. Vilipokoma, vilikuwa vingi kuliko watu wote ambao Daktari aliwakumbuka kupanga ploti ile tangu ijengwe.

Mtu wa mbali hawezi kuelewa, lakini kwetu mpakani ni kosa la kawaida kabisa. Kila mtu ana laini ya Kenya na laini ya Uganda. Laini zote mbili ziko kwenye grupu, kwa sababu mtu akivuka daraja hataki kupitwa na habari. Hakuna aliyekuwa ameiba kura. Kila mmoja aliona kidole kikiombwa kwenye laini hii, akaweka. Akakiona kikiombwa kwenye laini ile, akaweka. Lakini Barasa ndiye aliyetushangaza. Laini yake ya Kenya ilikubali na laini yake ya Uganda ilikataa.

Daktari alimwita. Barasa alikuja na tabasamu na kiti chake mwenyewe.

"Boss," Daktari alimwambia, na alikuwa anawaita watu boss akiwa amekasirika tu, "wewe unataka grupu la mpira ama hutaki?"

"Inategemea niko wapi, Daktari. Nikiwa huku nataka. Nikivuka, vile watu wa kule wananipigia kelele na timu zao, sitaki tena kusikia mpira. Hizo ni laini mbili, ziko na maoni mbili."

"Na kichwa uko nacho ngapi?"

"Kimoja. Lakini kinavuka mpaka kila siku."

Daktari alivua gambuti moja, akaitikisa. Kisha akatamka lile neno ambalo baadaye tulilirudia kila mahali: "Laini ni mbili. Masikio ni ya mtu mmoja."

Jumapili iliyofuata tukaenda joshoni. Kati ya ukuta wa bafu na tangi la maji kulikuwa na kichochoro chembamba cha kupita mtu mmoja. Daktari alisimama mwisho wake na chupa. Anayekubali grupu alipita na kutokea kulia, anayekataa akatokea kushoto, na kila aliyepita alipakwa tone la dawa ya zambarau kwenye ncha ya sikio ili asirudi. Tulimwambia watu wa serikali wanapaka kidole. Akasema kidole mtu anakiona, na kitu anachokiona atakisugua. "Sikio hajioni. Ng'ombe wangu hakuna aliyewahi kujisugua sikio."

Grupu la mpira lilipita. Kwa wiki nzima ungeweza kututambua sokoni Busia. Nilikuwa nakwenda Malaba na kukutana na mtu nisiyemjua vizuri, natupa jicho sikioni, naona zambarau, na tunasalimiana kama watu wa ukoo mmoja.

Mkubali au mkatae, utaratibu ulikaa. Wiki moja ya majadiliano, halafu josho, na ili grupu lifunguliwe lazima theluthi mbili ya waliopita watokee kulia. Waliokaa Funyula, Butula au Malaba walilazimika kusafiri hadi Busia, kupita kwa miguu kati ya bafu na tangi, ili waruhusiwe kufungua kitu ambacho kidole kinafungua mtu akiwa kitandani. Tulilalamika na tulikuja. Nadhani tulikuja kwa sababu ya chai. Nadhani pia kila mmoja alikuwa na kaburi lake alilolifikia limeota majani.

Tulipigia kura grupu la mbuzi waliopotea, likapita. Tulipigia kura grupu la maombi, likaanguka kwa sababu Wakatoliki na Waanglikana walishindwa kukubaliana nani afungue na nani afunge, ingawa wote walikuwa wamekubaliana kuomba. Mzee wa chumba namba nane alitokea kushoto kila mara, bila kujali ombi. Tulipotaka grupu la kusaidiana ili yeye mwenyewe apasuliwe mtoto wa jicho, alikuja akishikwa mkono, akaingia kichochoroni akipapasa ukuta, akatokea kushoto. Alishindwa, grupu likafunguliwa, akapasuliwa. Kura iliyofuata alikuja peke yake, akamtazama Daktari usoni akasema, "Kumbe wewe ni mfupi," akatokea kushoto.

Daktari hakumlaumu kamwe. Alikuwa mtu wa namna hiyo: alichukia kelele za wapiga kura, na yeye ndiye aliyeongea kuliko wote, alihubiri kwamba mtu asiharakishwe, na alitembea kwa kasi hadi mbwa wa ploti waliacha kumfuata. Hakuwahi kupiga kura mwenyewe. "Mtu wa josho haogi," alisema. Akiulizwa angetokea upande gani, alikuwa anatazama pande zote mbili za tangi kwa hamu fulani, kama mtu anayetazama sinema kupitia tundu.

Ugomvi mkubwa ulitoka Malaba, na ulikuja umevaa leso ya maua. Mama Mchele alikuwa chumba namba nne zamani zetu. Sasa alikuwa anauza mchele Malaba, kibanda chake kikitazama ule mstari wa malori usiokwisha. Alikuwa mama wa mwili mkubwa, mwenye sauti ya kuuzia, na waliohamia Malaba walimtegemea. Alikuja chumba namba moja siku moja mimi nikiwa pale naitazama cherehani ya jirani.

"Mulembe, mama," Daktari alimsalimu kwa Kiluhya.

"Yoga, mzee," aliitikia kwa Kiteso. "Sikai. Sisi watu wa Malaba tunataka grupu letu. Nyinyi huku mnatuambia maji yamepotea Busia. Maji ya Busia inanisaidia nini? Mimi nataka kujua lori imekwama wapi na barabara imefungwa saa ngapi."

"Lete ombi. Wiki moja ya majadiliano, halafu josho."

"Hapana. Watu wangu hawawezi kuacha biashara waje kupita kando ya bafu. Tupige kwa simu. Asiyejibu, na ile alama ya buluu inaonyesha amesoma, tuhesabu amekubali."

"Mama, mtu amesoma na amenyamaza. Pengine amekasirika."

"Akikasirika si aseme?"

"Mke wangu alikuwa ananyamaza wiki nzima," Daktari alisema. "Hakuna siku hata moja alikuwa amekubali."

Mama Mchele alicheka bila kutaka, na akakaa. Walibishana mpaka chai ikapikwa mara ya pili. Mama alitaka laini, Daktari akataka masikio. Mama alisema dunia imeenda mbele; Daktari akasema hata ng'ombe huenda mbele, lakini mmoja mmoja. Nilimaliza cherehani nikabaki nimekaa, najifanya nakaza skrubu. Alipoondoka, Daktari alitoka akasimama getini hadi leso ilipopotea kwenye umati. "Huyo," alisema, "angekuwa josho, tungeogesha tembo."

Ombi likaja, majadiliano yakawaka. Wa Malaba walikuwa wengi na wengine waliwaunga mkono. Lakini kulikuwa na hofu, na mimi nilikuwa nayo. Malaba wakiondoka, Funyula nao wataondoka, na watu wa Butula, na siku moja mtu atakufa na sisi tutasikia kwenye kinu. Daktari alisikiliza yote akisomewa. Nilijua anafikiri nini. Grupu la Malaba halingekuja tena kupita kando ya tangi lake.

Siku ya kura ilinyesha. Watu wa Malaba walifika nyuma ya pikapu, wamekaa juu ya magunia matupu ya mchele, wamejifunika turubai, wanaimba. Kichochoro kilikuwa tope tupu, na kwa mara ya kwanza gambuti za Daktari zilionekana kuwa na akili. Tukapita mmoja mmoja. "Sogea. Sogea. Usisimame, hapa si kanisani." Mimi nilitokea kushoto. Barasa alitokea kulia, akageuka kutaka kurudi, akaonyeshwa fimbo. Mzee wa namba nane alitokea kushoto na kwa mara ya kwanza alipigiwa makofi na watu wa kushoto, jambo lililomchukiza sana.

Mama Mchele alikuja wa mwisho. Alitokea kulia kama lori linalotoka forodhani. Daktari akainua chupa.

"Hapana," alisema Mama Mchele. "Sikio hapana."

"Mama, kila mtu amepakwa."

"Mimi kesho nina ubatizo wa mjukuu. Nitasimama mbele ya padri na sikio la ng'ombe?"

"Bila rangi sihesabu."

"Umeniona nimepita! Watu wote wameniona! Kwani mimi nafichika?"

Hilo lilikuwa kweli, hafichiki. Tulisimama kwenye mvua. Upande wa kulia walihesabiwa, upande wa kushoto tukahesabiwa, na ikawa hivi: akihesabiwa yeye, theluthi mbili inatimia. Asipohesabiwa, imepungua mtu mmoja. Walimwomba akubali tone dogo. Walimwomba Daktari apake unyayoni, panapofichwa na ndala. Barasa akapendekeza sikio la laini ya Uganda. Hakuna aliyelegea hata inchi. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye ncha ya pua ya Daktari, mkono wake na chupa umeinuka bado, na Mama Mchele ameshika sikio lake kwa kiganja kama anasikiliza redio.

"Ombi limeanguka," Daktari alisema mwishowe. Sauti yake haikuwa ya mshindi.

Pikapu iliondoka bila nyimbo. Kabla haijafika Malaba, simu zetu zilianza kulia: Mama Mchele ametoka. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Walifungua grupu lao bila kura ya mtu. Nani angewazuia? Kisha wa Funyula wakafungua lao. Josho lilipigiwa mbiu mara moja tena, nadhani kuhusu jina la grupu la mbuzi, na tulikuja watu wachache na mzee wa namba nane, ambaye alisimama katikati ya kichochoro akauliza kwa sauti ya mtu aliyepotea, "Sasa napinga nini?"

Baada ya hapo nilipita Busia nikakuta sufuria kubwa imefunikwa juu chini. Daktari alikuwa ameketi kwenye ngazi. Alinionyesha simu yake ndani ya koti lake. "Chaji inakaa siku nyingi sasa," alisema. "Simu nzuri hii. Haisumbuliwi." Nilikunywa chai ya kikombe kimoja, iliyochemshwa kwenye kopo dogo. Kisha nikaenda zangu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Kukaa kunaniwasha miguu. Nilikaa Rukala hadi mafuriko yakanitoa, nikakaa Funyula, nikasikia kwamba chumba namba moja kimepata mpangaji mpya. Sikuuliza zaidi. Niliogopa jibu.

Mwaka huu, kabla ya mvua, kazi ilinipeleka Malaba. Kuna mshonaji wa sare za shule karibu na kibanda cha Mama Mchele. Nilikuwa nimelala chini ya meza, nguvu zote kwenye mkanda wa cherehani, niliposikia sauti ng'ambo ya ukuta wa mabati.

"Sogea! Sogea! Umesimama kwenye mchele wa mteja!"

"Wewe mzee, hapa ni kwangu!"

Nilitoka na mafuta mikononi. Daktari alikuwa ameketi kwenye gunia, gambuti miguuni, amekonda kidogo. Mama Mchele alikuwa anapima mchele, amempa mgongo. Mkononi mwa mzee kulikuwa na simu kubwa ya kupangusa, kioo kimepasuka pembeni, nayo imevikwa ule mfuko wa plastiki.

"Fundi!" alisema. "Umekuja wakati mzuri. Tuna tatizo la kikatiba."

Nilipewa gunia langu. Hadithi niliipata vipande vipande, kwa sababu kila mmoja alimkatiza mwenzake. Daktari alikuwa amepanda kuja Malaba na chupa yake, kumwambia Mama Mchele kwamba ile kura inaweza kurekebishwa, ubatizo umeshapita, alete sikio. Mama Mchele alikataa. Akarudi wiki iliyofuata. Akakataa tena. Wiki ya tatu Mama Mchele alimwambia atafute chumba hapa hapa Malaba, maana nauli anazolipa zinamwaibisha yeye mwenye kibanda. Na siku ambazo miguu ya mzee ilikuwa inauma asiweze kuja kubishana, Mama Mchele akawa hana wa kugombana naye ila malori, basi akampa simu ya zamani ya binti yake na kufungua grupu la watu wawili.

"Bila kura," Daktari alisema.

"Bila kura," alisema Mama Mchele kwa fahari.

"Nikamwambia siwezi kukaa kwenye grupu haramu. Tukapiga."

"Na?"

"Moja kwa moja. Sare."

"Nani alikataa?" niliuliza.

Walinitazama wote wawili kama nimetukana.

"Kura ni ya siri," Daktari alisema.

"Lakini mko wawili."

"Ndiyo siri yenyewe," alisema Mama Mchele.

Kila Jumapili, baada ya misa, wanarudia kura. Kila Jumapili sare. Kwa hivyo grupu halijafunguliwa kisheria, bado liko kwenye majadiliano. Daktari alinipa simu nione. Nilipangusa juu, nikapangusa, nikapangusa. Yalikuwa mabishano asubuhi hadi jioni. Kama alama ya buluu ni kukubali. Kama sikio la kulia ni sawa na la kushoto. Ulikula? Hilo si la ajenda. Nimekula, lakini naandika nikipinga. Kati yake kulikuwa na picha ya mtoto mwenye mapengo mawili, Daktari ametumiwa kutoka Nairobi akaileta humo, na chini yake Mama Mchele ameweka kichwa cha manjano kinachocheka na kulia, na Daktari ameandika: Nimeelewa. Vyote viwili.

"Sasa wewe ni mtu wa ploti," Daktari alisema, akichukua simu. "Mama atakuingiza. Jumapili utapiga, sare itavunjika, tumalize hii kitu."

Alisema kwa ile sauti yake ya usimamizi, lakini mkono ulikuwa unapapasa mfuko wa shati, unatafuta sukari ya mgeni. Mama Mchele alikuwa ameacha kupima. Mchele ulikuwa umejaa kikombe, unamwagika ukingoni, na haukumshughulisha. Wote wawili walikuwa wananitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo na watu wanaoomba kitu ambacho hawakitaki.

Nilifuta mafuta mikononi, taratibu.

"Daktari," nilisema, "mwanachama mpya akiingia, wiki ya majadiliano si inaanza upya?"

Alifikiri. Uso wake ulifunguka kidogo kidogo.

"Inaanza upya," alisema.

"Na akiwa na pingamizi?"

"Mpaka pingamizi lisikilizwe."

"Basi mimi nina pingamizi."

Mama Mchele alicheka hadi dereva mmoja wa lori akachungulia. Akanipimia mchele wa kupeleka njiani, akanifokea kwamba nachelewesha maendeleo ya Malaba, akafunga fundo mara mbili.

Sasa niko Butula, kesho kutwa Funyula. Kila Jumamosi simu inalia, napata ujumbe wa Daktari, umeandikwa kwa herufi kubwa tupu kwa sababu hajajua kuzipunguza: MAJADILIANO YANAENDELEA. KURA NI KESHO. FUNDI UNA LOLOTE? Huwa nalo. Wiki moja nilipinga sikio la kushoto. Nyingine nilidai tangi la maji la Malaba liko mbali mno na bafu. Jumamosi iliyopita nilikosa kabisa la kusema, nikakaa nimeshika simu hadi jua linazama. Mwisho nikaandika kwamba rangi ya zambarau inapendelea upande mmoja, na nikaomba ufafanuzi.

Bado wanaujadili.